Mahabusu aliyesusia chakula: kisa cha hospitali ya kanisa iliyoamriwa kumlisha kwa nguvu

Kuhusu kisa hiki

Majina, nchi, dhehebu na mwaka vimeondolewa. Umri wa mgonjwa na baadhi ya vipimo vimebadilishwa kidogo, kwa namna isiyogusa mantiki ya tiba. Mgonjwa mwenyewe alisoma rasimu, akaomba aya moja ifutwe, nayo imefutwa. Walengwa ni madaktari, wauguzi na viongozi wa hospitali za makanisa, hasa zile zinazopokea ruzuku ya serikali, kwa kuwa ndizo zinazojiona ziko huru mpaka siku barua inapofika.

Usuli

Hospitali hii inapokea rufaa kutoka eneo kubwa. Kanisa ndilo lililojenga. Serikali inalipa mishahara ya karibu theluthi ya watumishi, inaleta sehemu ya dawa na kutoa ruzuku kila robo mwaka. Mkataba wa pande hizo mbili una kifungu kinachosema hospitali itazingatia "maelekezo ya kiutawala" ya wizara. Hakuna aliyewahi kuuliza maelekezo hayo yanaishia wapi, kwa sababu kwa miaka mingi yalihusu taarifa za mwezi, ratiba za chanjo na ukaguzi wa stoo ya dawa.

Madaktari karibu wote ni Wakristo, na kadhaa ni wanachama wa chama cha madaktari Wakristo. Hukutana kwa sala fupi kila asubuhi kabla ya kupita wodini. Nalitaja hili mapema kwa sababu ushirika huo uliwasaidia na pia uliwaponza.

Mgonjwa alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mahabusu ambaye kesi yake ilikuwa inaahirishwa kila mara bila kusikilizwa. Alisusia chakula kwa dai moja tu: apangiwe tarehe ya kusikilizwa. Alikuwa anakunywa maji yenye chumvi kidogo. Hakuwa na historia ya ugonjwa wa akili. Wakili wake alikuwa ameshapeleka maombi mahakamani kabla mteja wake hajaletwa hospitali, na jambo hili msomaji alikumbuke tutakapofika kwenye matokeo.

Kwa asiyewahi kumhudumia mgonjwa wa aina hii: mwili humaliza akiba yake ya sukari ndani ya siku moja au mbili, kisha huanza kuunguza mafuta na, polepole, misuli. Njaa yenyewe hupungua baada ya siku chache. Kinachofuata ni kizunguzungu cha kusimama, mapigo ya moyo kwenda taratibu, kuhisi baridi, na baadaye upungufu wa vitamini B1 unaoharibu macho na ubongo. Wagomaji 10 waliokufa katika gereza la Maze, Ireland Kaskazini, mwaka 1981, walifariki kati ya siku ya 46 na ya 73. Hatari nyingine huja pale mtu anapokubali kula tena. Chakula kingi kwa haraka huvuta fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli, na moyo unaweza kusimama wakati ndugu wanashangilia.

Mtiririko wa matukio

*Siku ya 17 ya mgomo.* Analetwa usiku, amefungwa pingu mikono na mguu, na askari magereza wawili. Barua waliyokuja nayo ina maombi mawili katika sentensi moja: atibiwe, na kitolewe cheti kwamba afya yake inamruhusu kuendelea kukaa mahabusu. Alipoingia gerezani alikuwa na kilo 68. Sasa ana 59.5, yaani amepoteza asilimia 12.5. Shinikizo la damu akiwa amelala ni 104 kwa 66. Akisimama linashuka hadi 82 kwa 50, na inabidi ashikwe.

Daktari wa wodi, kijana aliyeajiriwa na serikali na kupangiwa kazi pale, anaomba askari watoke ili azungumze na mgonjwa faragha. Wanakataa. Mvutano unachukua muda mrefu kuliko upimaji wenyewe. Mwishowe askari wanakubali kukaa nje ya mlango wenye kioo, wanaona lakini hawasikii, na pingu za mikono zinafunguliwa. Ya mguuni inabaki kwenye chuma cha kitanda.

Mgonjwa anaulizwa kama anajua kinachomtokea, naye anaeleza kwa maneno yake, pamoja na hatari ya kupofuka na kufa. Anaulizwa kama kuna mwenzake gerezani anayemlazimisha. Anasema hakuna. "Sitaki kufa, dokta. Nataka tarehe." Anakubali kupimwa uzito, kutolewa damu, kuchomwa vitamini B1 na kuendelea na maji yenye chumvi. Anakataa dripu ya sukari na chakula cha aina yoyote.

*Siku ya 18.* Anaulizwa swali gumu kuliko yote: akipoteza fahamu, afanyiwe nini? Jibu la kwanza ni kwamba alishwe. Jioni anamwita muuguzi na kubadilisha: alishwe iwapo tarehe imeshatangazwa, vinginevyo aachwe. Maelekezo yanaandikwa, anaweka saini, na mashahidi ni matroni na mchungaji wa hospitali.

*Siku ya 19.* Mganga wa serikali anayesimamia eneo hilo, ambaye naye ni daktari, anampigia simu daktari mfawidhi. Anataka mpira wa kulishia upitishwe puani siku hiyohiyo. Hoja yake haikuanzia kwenye sheria. "Daktari, ninyi ni watu wa Mungu. Mtamwangaliaje mtu anajiua huku mmekaa?" Daktari mfawidhi hakujibu swali hilo. Alisema: "Mheshimiwa, naomba maelekezo hayo kwa maandishi, yawe na jina lako, cheo chako na kifungu cha sheria."

*Siku ya 20.* Barua inakuja. Imesainiwa "kwa niaba ya", bila jina linalosomeka, na haina kifungu chochote cha sheria. Inataja yale "maelekezo ya kiutawala" ya mkataba. Usiku madaktari wanakutana. Kikao kinageuka mjadala mkali wa imani, ambao nitaurudia chini. Wanakubaliana kuita daktari wa nje atoe maoni ya pili.

*Siku ya 21.* Anakuja daktari bingwa wa magonjwa ya ndani kutoka hospitali isiyo ya kanisa, Mwislamu, asiye na uhusiano wowote wa ajira na pale. Anamwona mgonjwa peke yake, anaandika kurasa mbili na kusaini. Anafikia hitimisho lilelile: akili timamu, uamuzi wa hiari, tiba iendelee kwa mipaka aliyoiweka mgonjwa. Siku hiyo hospitali inajibu barua ya serikali.

*Siku ya 22.* Kiongozi wa kanisa, aliyeombwa kuwasiliana kimyakimya na viongozi wa mahakama kuhusu tarehe ya kesi, anazungumza hadharani. Anasema serikali isiingilie hospitali za Mungu. Hakutaja jina la mgonjwa, lakini alitaja gereza, na ndani ya saa chache kila mtu alijua. Mama wa mgonjwa alisikia habari za mwanawe redioni.

*Siku ya 23.* Daktari wa wodi anapewa barua ya uhamisho, kuripoti kituo kipya mara moja. Ruzuku ya robo mwaka, iliyokuwa tayari imeidhinishwa, haiingii.

*Siku ya 24.* Afisa wa magereza anafika na wahudumu wawili wa zahanati ya gereza. Wamebeba mpira na unga wa uji, na wanataka kumlisha palepale kitandani. Daktari mfawidhi anasimama mlangoni. Afisa, kwa upole kabisa, anamwambia: "Daktari, mimi nimetumwa tu." Anajibiwa: "Najua, afande. Lakini akiwa wodini humu mgonjwa ni wangu, na kila kinachoingia mwilini mwake kinaandikwa na daktari kwenye faili. Nani kati yenu ataandika na kusaini?" Faili likawekwa mezani, limefunguliwa, kalamu juu yake. Hakuna aliyeishika. Wakaondoka.

*Siku ya 26.* Mahakama inatangaza tarehe. Kesho yake mgonjwa anakubali kula.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kutolisha kwa nguvu ulisimama juu ya msingi ambao haukubuniwa pale. Azimio la Tokyo la Chama cha Madaktari Duniani, la mwaka 1975, linasema mfungwa anayekataa chakula akiwa na uwezo wa kuamua asilishwe kwa njia bandia, na uwezo huo uthibitishwe na daktari mwingine angalau mmoja aliye huru. Azimio la Malta la mwaka 1991, lililofanyiwa marekebisho zaidi ya mara moja, mara ya mwisho 2017, linaenda mbali zaidi: kumlisha mtu kwa nguvu, kwa vitisho au kwa kumfunga, hakukubaliki kimaadili hata kama nia ni njema. Daktari mfawidhi alikuwa na nakala ya Malta kwenye droo. Alikiri kwamba hakuwahi kuisoma yote mpaka usiku wa siku ya 19.

Kukataa kutoa cheti kulikuwa rahisi kitabibu, kwa sababu mtu aliyepoteza zaidi ya sehemu ya kumi ya uzito wake na kushindwa kusimama hana afya ya kurudishwa selo. Ugumu ulikuwa kwamba cheti ndicho serikali ilichokihitaji kweli. Mpira wa kulishia ulikuwa wa kelele, cheti kilikuwa cha matumizi. Kingeondoa lawama kwa gereza na kuihamishia hospitali. Wakati wa kikao cha siku ya 20 mmoja wao aliwakumbusha wenzake habari za Steve Biko, mwanaharakati aliyepinga ubaguzi wa rangi. Septemba 1977, Biko akiwa mikononi mwa polisi wa Afrika Kusini na ubongo umeshajeruhiwa, daktari wa serikali aliyemwona aliandika cheti kwamba hakuona dalili yoyote ya ugonjwa. Siku chache baadaye Biko alisafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 nyuma ya gari hadi Pretoria, akiwa uchi, na akafa tarehe 12. Baraza la madaktari la nchi hiyo lilisema hakuna kosa la kujibu. Ilibidi madaktari wengine waliburuze baraza hilo mahakamani, na mwaka 1985 ndipo madaktari wawili waliohusika walipotiwa hatiani kinidhamu. Aliyelitaja hili hakuongeza neno, na suala la cheti halikujadiliwa tena usiku ule.

Barua ya majibu ilikuwa fupi mno, nusu ukurasa. Ilisema mgonjwa ana akili timamu na hilo limethibitishwa na daktari huru. Ikaorodhesha tiba alizozikubali na alizozikataa. Ikasema hospitali haiwezi kuthibitisha kwamba anafaa kurudi mahabusu kwa kuwa vipimo vya tarehe fulani vinaonyesha kinyume. Na ikaomba, iwapo kuna sheria inayoelekeza vinginevyo, itajwe kifungu kwa kifungu. Neno "Mungu" halikuwemo wala "dhamiri". Halikuwemo pia ombi la tarehe ya kesi. Hilo liliachwa kwa wakili na kwa kanisa, ili hospitali isionekane kuwa msemaji wa mgomo.

Mjadala wa usiku wa siku ya 20

Hapa ndipo kisa hiki kinapokuwa na la kutufundisha sisi Wakristo hasa, kwa hiyo sitapita haraka.

Daktari wa upasuaji, mzee aliyewafundisha kazi nusu ya waliokuwepo, alikuwa upande wa mganga wa serikali. Uhai ni wa Mungu, alisema. Mwili ni hekalu. Hakuna mtu mwenye haki ya kujiua na hakuna daktari mwenye haki ya kumtazama. Hakuwa anaiogopa serikali. Alimaanisha. Kijana mmoja akamjibu kwa kitabu cha Matendo, "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu", kana kwamba mzee amesimama upande wa wanadamu. Kikao kikachafuka. Pande zote mbili zilikuwa na aya, na serikali ilishatangulia kuitumia moja.

Aliyewatuliza ni matroni. Aliuliza kama mgonjwa amesema anataka kufa. Faili lilisema kinyume. Kisha akakumbusha kwamba Yesu, kabla ya kumponya yule mtu wa birikani aliyelala miaka 38, alimuuliza kwanza: "Wataka kuwa mzima?" Mzee hakushawishika, ila alikubali jambo moja: kwamba yeye hawezi kumshika mtu kichwa apitishiwe mpira huku anapiga kelele, na kwamba asiyeweza kufanya jambo kwa mikono yake asimwamrishe mwingine. Akaomba asihusishwe na uangalizi wa mgonjwa huyo. Malta inamruhusu: daktari ambaye dhamiri yake haikubali uamuzi wa mgomaji anatakiwa aseme mapema na kumwachia mwenzake.

Wengi wetu tumezoea kulinda uhuru wa kitabibu kwa lugha ya dhamiri: imani yangu hainiruhusu, kwa hiyo nisamehewe. Lugha hiyo ina nafasi yake, na yule mzee aliitumia kwa haki. Lakini katika kisa kama hiki ingekuwa zawadi kwa serikali. Mtu akisema "mimi Mkristo siwezi", jibu la kiutawala ni jepesi: basi ataletwa asiye Mkristo, au Mkristo asiye mkali. Daktari mfawidhi alikuwa na hoja nyingine kabisa, kwamba jambo hili halipaswi kufanywa na daktari yeyote, wa dini yoyote au asiye na dini, kwa mgonjwa huyu aliyekataa akiwa na akili zake. Ndiyo maana maoni ya daktari Mwislamu yalikuwa na uzito kuliko saini kumi za ushirika wa asubuhi.

Historia inaunga mkono hilo. Uholanzi ilipokuwa chini ya Wajerumani, watawala walianzisha mwishoni mwa mwaka 1941 chemba ya madaktari, yaani chombo chao cha kuwasimamia madaktari, ambacho kila daktari alilazimika kuwa mwanachama. Waliogoma walikuwa Wakatoliki, Waprotestanti na wasio na dini kwa pamoja, wakiratibiwa na mtandao wa siri. Machi 1943 zaidi ya madaktari 6,000 walijivua hadhi ya udaktari mbele ya utawala, na wengi walibandika utepe juu ya neno la kazi yao kwenye vibao vya milangoni, ili isiwepo sheria ya chemba inayowahusu. Mamia walikamatwa. Makanisa ya nchi hiyo nayo yalikuwa na la kusema, lakini madaktari walisimama kama madaktari. Hivi karibuni zaidi, mwaka 2015, bunge la Israeli lilipopitisha sheria ya kuruhusu wafungwa walishwe kwa nguvu kwa idhini ya mahakama, chama cha madaktari cha nchi hiyo kiliwaambia wanachama wasiitekeleze. Huko sheria ilikuwepo, imeandikwa na kupitishwa, na msimamo ukabaki uleule. Katika kisa chetu hata sheria haikuwepo. Kulikuwa na simu na saini isiyosomeka.

Matokeo

Mgonjwa alipona. Alianzishiwa chakula kwa kiwango cha kilokalori 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, baada ya vitamini B1, na kiwango kikaongezwa polepole. Siku ya tatu ya kula fosfeti yake ilishuka hadi milimoli 0.48 kwa lita, kiwango cha hatari. Kipimo hicho hakifanyiki pale. Sampuli ilipelekwa kwa gari la wagonjwa kwenye maabara ya mbali na jibu likarudi kwa simu usiku. Magereza walikuwa wameshaleta barua ya kumchukua asubuhi yake, kwa hoja kwamba "sasa anakula". Safari hii daktari aliandika cheti bila kusita: hafai kuondoka. Walimwacha siku 9 zaidi.

Je, ni hospitali iliyoleta tarehe ya kesi? Sidhani. Maombi ya wakili yalikuwa mahakamani tangu mwanzo. Kelele za kiongozi wa kanisa huenda ziliharakisha jambo au ziliwapa watu sababu ya kukaza shingo kwa siku mbili tatu, haziwezi kupimwa. Kilicho wazi ni kwamba hospitali ilimfikisha siku ya 26 akiwa na macho yake na akili yake.

Daktari wa wodi hakurudishwa. Ruzuku iliingia baada ya miezi, ikiwa pungufu bila maelezo. Baraza la madaktari lilipokea malalamiko dhidi ya daktari mfawidhi na kuyafunga baada ya kusoma faili, bila kumwita.

Uchambuzi

Kilichoiokoa hospitali ni faili. Kila siku kulikuwa na uzito, shinikizo la damu akiwa amelala na akiwa amesimama, kiasi cha maji alichokunywa, na mstari mmoja: "Ameulizwa tena leo kuhusu chakula. Jibu:" ukifuatiwa na maneno yake. Baadhi ya siku aliongea sana. Siku moja imeandikwa tu "anatikisa kichwa, hapana". Mstari huo ulibuniwa na muuguzi wa zamu ya usiku na hakuna mwongozo uliomtuma. Baraza lilipoufungua ukurasa huo lilikuta uamuzi wa mgonjwa umeulizwa upya kila siku. Ukaidi wa madaktari, uliotajwa kwenye malalamiko, haukuonekana popote.

La pili ni kudai maandishi. Maagizo mengi ya kuingilia tiba huja kwa mdomo kwa sababu anayeyatoa anajua hayasimami kwenye karatasi. Kuomba jina, cheo na kifungu si ukaidi. Ni utaratibu ambao serikali yenyewe inaufundisha kwenye semina zake. Tukio la kalamu mezani siku ya 24 lilikuwa ni mbinu hiyohiyo ikitumika mbele ya macho.

Sasa yaliyokwama, na si machache.

Kauli ya hadharani ilivunja siri ya mgonjwa. Kiongozi wa kanisa alikuwa na nia njema, lakini aliigeuza hoja ya tiba kuwa ugomvi wa kanisa na serikali, na aliyelipa ni kijana wa wodi aliyeajiriwa na serikali, aliyekuwa hana kinga yoyote. Hospitali haikuwa na makubaliano na kanisa kuhusu nani anazungumza na lini. Wala haikumlinda daktari huyo mapema: jina lake liliachwa kwenye kila karatasi wakati mawasiliano yote na serikali yangeweza, na yalipaswa, kubebwa na daktari mfawidhi peke yake tangu siku ya 17.

Mchungaji kuwa shahidi wa maelekezo ya mgonjwa lilikuwa jambo la hatari. Mtu aliye kitandani, mguu kwenye pingu, anapomwona mtumishi wa Mungu ameshika karatasi, anaweza kuandika anachodhani kinampendeza. Mgonjwa anasema haikuwa hivyo kwake, na namwamini. Hata hivyo wakili wa serikali angeulizia jambo hilo, na jibu lingekuwa gumu.

Pengo kubwa zaidi halikuonekana kwa sababu mambo yaliisha vizuri. Maelekezo ya mgonjwa yalikuwa na sharti: alishwe kama tarehe imetangazwa, vinginevyo aachwe. Je, tarehe ikitangazwa na kuahirishwa? Ikitangazwa kwa uvumi tu? Nani angeamua usiku wa manane, mgonjwa hajitambui? Hakuna aliyeandika. Hakuna aliyezungumza na familia. Hakuna aliyewaandaa wauguzi kwa uwezekano wa kumwona akifa. Uamuzi wa siku ya 21 ungekuwa sahihi vilevile hata kama angefariki siku ya 50, lakini hospitali haikuwa tayari kuubeba katika hali hiyo, na nina shaka kama ushirika wa asubuhi ungebaki mmoja.

Jambo la mwisho ni mipaka ya neno uhuru lenyewe, maana nimeshasikia kisa hiki kikisimuliwa kama ushahidi kwamba hospitali za kanisa ziachwe zijiendeshe zitakavyo. Hapana. Serikali ina haki ya kutoa na kufuta leseni, kukagua vitabu vya fedha, kudai taarifa za magonjwa ya mlipuko na kuweka viwango vya dawa. (Zipo hospitali ambazo hukumbuka uhuru wao siku mkaguzi wa hesabu anapobisha hodi.) Haina mamlaka katika mambo mawili: nini kifanywe kwenye mwili wa mgonjwa fulani aliyekataa akiwa timamu, na nini daktari aandike kwamba ameona. Kila mzozo wa kisa hiki uliangukia katika moja ya hayo mawili.

Baada ya kisa hospitali iliandaa fomu ya mgomaji wa chakula, yenye ule mstari wa muuguzi wa usiku, na nafasi ya shahidi asiye mtumishi wa dini wala wa gereza. Imeafikiana pia na kanisa kwamba hakuna kauli ya hadharani kuhusu mgonjwa yeyote bila ridhaa yake ya maandishi. Kwenye mazungumzo ya kuhuisha mkataba na wizara imependekeza nyongeza ya sentensi moja chini ya kile kifungu: maelekezo ya kiutawala hayahusu tiba ya mgonjwa mmoja mmoja wala maudhui ya vyeti vya daktari. Wizara imerudisha rasimu mara mbili ikiwa imekata sehemu ya vyeti. Ya tiba wameiacha. Mazungumzo yanaendelea, na daktari mfawidhi amekataa kusaini mpaka sehemu iliyokatwa irudi.